Mvinyo wa Miaka Thelathini Tuliounywa kwa Mirija

Watu wakiniuliza jinsi mwanangu wa kwanza alivyopata mke mjini Columbus, huwa nawaambia wakae kwanza, maana hii si habari ya kusimulia mlangoni. Halafu naanza na mimi mwenyewe. Bila mimi hakuna habari.

Nimesoma mpaka darasa la tatu, kwenye kambi ya wakimbizi, Tanzania, na hilo darasa la tatu lenyewe sikulimaliza. Leo ukija Buffalo, mtaa wa Black Rock, ukavuka reli kuelekea mtoni, ukaona nyumba ya mbao imesimama wima, haijainama kama mlevi, na ngazi zake hazilii ukizikanyaga, uliza fundi ni nani. Utaambiwa. Nina gari la kazi lenye jina la kampuni ubavuni, herufi kubwa za njano. Jina nilichagua mwenyewe, herufi nilibandika mwenyewe, na zimenyooka. Nyumba ninayolala ni yangu. Ya upande wa kushoto ni yangu pia, nimeipangisha. Sisemi haya kujisifu, ingawa kujisifu nako kuna ubaya gani kama unayoyasema yanaonekana kwa macho?

Amerika nilishukia Louisville. Pale nilipakia maboksi kwenye malori pamoja na binamu yangu, mtu ambaye mdomo wake haujawahi kuishiwa maneno. Kila harusi ya Warundi kuanzia kule mpaka huku, mshenga ni yeye. Nilipofunga virago kuja Buffalo, kwa sababu nilisikia nyumba ni za bei ya chini, yeye ndiye aliyenicheka kuliko wote.

"Ndugu yangu, unakwenda kuishi ndani ya friji?"

"Friji yenye hati ya nyumba," nikamjibu.

Basi, mwanangu akampenda binti wa Columbus. Walikutana kwenye mkutano wa kwaya, wote wawili wanaimba sauti nzuri, ya mwanangu kairithi kwangu. Nikauliza binti ni wa nani. Aliponiambia nikakaa chini. Baba yake alikuwa mwalimu mkuu wa shule ya kambi yetu, yule yule aliyekuwa akinirudisha nyumbani asubuhi kwa sababu nilikuja darasani nanuka pombe.

Nilinuka kweli, lakini sikuwa nimekunywa. Baba yangu alikuwa mkamuaji. Alinunua ndizi kwa wenyeji nje ya kambi, akazifukia shimoni ziive kwa joto na moshi, halafu alfajiri tunazikamua kwa nyasi mpaka zitoe maji, yeye na mimi, kama alivyofanya babu yangu kwao Burundi. Pombe ile tunaiita urwarwa. Watu walivuka kambi nzima kuifuata ya baba yangu, na walimu walikuwa wa kwanza.

Mwalimu akanipigia simu kabla sijampigia mimi.

"Nasikia kijana wako anamtaka binti yangu."

"Si yeye peke yake, Mwalimu. Ukoo mzima unamtaka."

"Ukoo upi? Ule wa kukamua ndizi?"

"Huo huo. Na ulikuwa ukija na kikombe chako mwenyewe, Mwalimu, usijifanye umesahau."

Akacheka, lakini kicheko chake kilikuwa kifupi. Akasema tuje, hatatufukuza. Ila kuna jambo. Kabla yetu walikuja watu wa Louisville kumposa huyo huyo binti, kijana amesoma, ana tai, na wakaweka mezani kreti za bia za dukani. Akawarudisha na kreti zao.

"Kinywaji cha kuombea msichana lazima kiwe na mwenyewe," akaniambia. "Kikamuliwe na mtu, siyo na kiwanda. Na mwenyewe awepo, au mtoto wake, au ndugu yake, nimtazame machoni akikionja wa kwanza. Hiyo ndiyo desturi, nanyi mnaifanyia mzaha. Ukiniletea cha dukani, utakinywa mwenyewe njiani ukirudi kwenye theluji yako."

Na binti naye, alipoulizwa na mwanangu, akasema anampenda, lakini bila neno la baba yake haondoki nyumbani. Mwanangu akaanza kukonda. Kijana wa kula sahani mbili akawa anasukuma wali pembeni. Mama yake akanitazama kama vile mimi ndiye niliyezuia ndizi zisiote Buffalo.

Nilijaribu, msidhani sikujaribu. Nilinunua ndizi dukani, maboksi na maboksi, nikazifunika besimenti karibu na tanuru la kupashia nyumba joto. Lakini ndizi za huku zimechumwa changa, zimesafirishwa kwenye baridi, hazina hasira. Unazikamua, zinakupa uji. Niliuacha uji ule uchachuke, ukachachuka vibaya. Harufu ikapanda ghorofani mpaka kwenye makoti.

"Baba watoto," mke wangu akasema, yeye ameokoka na hanywi kitu chochote chenye povu isipokuwa soda, "ukiendelea hivi mchungaji atakuja kuiombea nyumba hii akidhani kuna pepo."

Nikamwaga yote. Na ni wiki ile ile jirani yangu Mwitaliano aliponiita.

Alikuwa mzee mjane, nyumba mbili kutoka kwangu. Wakati sisi tunafika mtaani Waitaliano wengi walikuwa wameshahama, wamekwenda North Buffalo na mbali zaidi, yeye akabaki na mtini wake ambao kila majira ya baridi aliuvika blanketi na ndoo kichwani. Kwangu alikuwa akinipungia mkono tu. Siku hiyo akaja mlangoni.

"Wewe ndiye fundi? Maji yanaingia kwangu. Njoo uone."

Niliposhuka ngazi za besimenti yake nilisimama katikati, mguu mmoja juu mmoja chini. Ile harufu! Ilikuwa ya kibanda cha baba yangu. Si sawasawa, yake ilikuwa na mbao na jiwe ndani yake, lakini ndugu ni ndugu hata kama mmoja kavaa suti. Kulikuwa na mashine ya mbao ya kukamulia yenye skrubu ya chuma nene kama mkono wangu, mapipa, madumu ya kioo yenye matumbo makubwa. Na yule mzee akapita karibu na dumu moja, akainama, akaweka sikio kwenye kioo.

"Unasikiliza nini?" nikamuuliza.

"Kama bado unaongea. Ukinyamaza, ndiyo umekuwa tayari."

Nikamshika bega. Sikuweza kujizuia. Baba yangu alikuwa anaweka sikio hivyo hivyo kwenye mtumbwi wa pombe uliofunikwa majani ya mgomba. Ikivuma kama mvua ya mbali, bado. Ikinong'ona, leteni vikombe. Nilimweleza hayo kwa Kiingereza changu, ambacho nimekijenga mwenyewe kama nilivyojenga kila kitu, na mzee akanisikiliza mpaka mwisho, halafu akavuta viti viwili.

Hapo ndipo nilipojua kwamba kwao ni watu wa kazi ile. Babu yake alikuwa na shamba la mizabibu kwenye vilima vya kaskazini mwa Italia, aina ya zabibu inayovunwa mwisho kuliko zote, wakati ukungu umeshashuka. Mvinyo wake ni mwekundu, mkali, mkaidi. Kaka yake mkubwa alirithi shamba, na alipofariki binti yake akashika. Yeye mdogo alikuja Buffalo na baba yao, wakafanya kazi kiwandani, na kila majira ya kupukutika majani walinunua zabibu zilizoletwa kwa kreti wakakamua hapo hapo chini ya nyumba. Huo ulikuwa wa kunywa kila siku. Lakini ukutani, kwenye shubaka la mawe, zilikuwa zimelala chupa za kaka yake, zenye vumbi. Na ukuta uliokuwa unavuja ni ule ule.

Nilichimba nje mpaka kwenye msingi, nikapaka lami, nikalaza bomba na kokoto, nikasiriba upya ndani kwa saruji. Mafundi wawili wenye vyeti walikuwa wameshakuja kabla yangu wakamwambia atie pampu tu. Ukuta ule mpaka leo ni mkavu kama biskuti. Mzee alipapasa saruji kwa kiganja, akapapasa tena, na tangu siku hiyo akaanza kuniita kapo, yaani bosi kwa lugha yao. Sikumkataza.

Tukiwa tumekaa pale nikamweleza habari ya mwanangu, na Mwalimu, na kinywaji chenye mwenyewe. Akauliza maswali mengi. Mwenyewe lazima awepo? Lazima. Anaonja wa kwanza? Wa kwanza. Akainuka, akaenda kwenye shubaka, akarudi na chupa moja ameibeba kama mtoto aliyelala.

"Huu kaka yangu aliukamua mwaka aliozaliwa mwanangu, miaka thelathini sasa. Miaka mingi ndani ya pipa, mingine yote ndani ya chupa. Uliwekwa kwa ajili ya harusi yake."

"Na harusi?"

"Alioa ofisini, kwa karani, siku ya Jumanne. Akanipigia simu Alhamisi." Akapuliza vumbi. "Mvinyo bado unangoja harusi. Haukuambiwa ya nani."

Niseme ukweli, kwanza nilisita. Miaka thelathini! Urwarwa siku ya tatu ni tamu, siku ya tano inauma, baada ya wiki ni ya kupigia kachumbari. Nilimwambia hivyo. Akacheka mpaka akakohoa. Akaniambia mvinyo huu ukiunywa mchanga unakukausha mdomo, ulimi unakuwa kama kitambaa.

"Kama ndizi mbichi!" nikasema. "Utomvu!"

"Ndiyo. Sasa huo ukali ndio unaoutunza. Unaungoja ulainike. Dhaifu hazeeki, kapo. Anaoza tu."

Nilielewa palepale. Nani ataelewa kuliko mimi?

Nilimshukuru, nikanyoosha mkono kupokea chupa. Akairudisha kifuani.

"Mwenyewe lazima awepo, si umesema? Kaka yangu yuko makaburini. Nimebaki mimi, ndugu yake. Nitakuja nao."

Hivyo ndivyo tulivyoondoka Buffalo, wanangu na mke wangu kwenye gari la mbele, mimi na mzee kwenye gari la kazi, yeye amevaa suti ya mistari aliyoniambia ni ya siku ya ndoa yake, chupa imesimama wima katikati ya magoti, imezungushiwa skafu ya sufu. Alikuwa ameisimamisha tangu jana yake ili machicha yatulie chini. Kila shimo la barabara, kuanzia ziwa mpaka Columbus, alinyoosha kiganja na kusema "piano, kapo, piano," polepole, bosi, polepole. Malori yalitupita yakitupigia honi. Mimi ninayejulikana kwa mbio nikaendesha kama nimebeba mayai, na bado tulifika kwa wakati.

Kwa Mwalimu walikuwa wamepanga viti safu mbili zinazotazamana, wao kule, sisi huku. Katikati chungu cha pombe ya mtama aliyopika jirani yao, na mirija mirefu imesimama ndani yake, kila mmoja na kichujio chake chini ili usinyonye makapi. Meza ya pembeni ilijaa soda kwa ajili ya waliookoka, na mchungaji wao alikaa karibu na soda hizo kama mlinzi. Na kwenye kona, kwenye kochi lenye mto mgongoni, alikuwa bibi wa msichana, mama yake Mwalimu, mwanamke mzee sana ambaye macho yake hayaoni vizuri tena. Zamani alikuwa mpikaji wa pombe ya mtama.

Binamu yangu alikuwa ameshafika kutoka Louisville, kanzu nyeupe, fimbo, tayari kabisa. Akasimama akasema, na kusema anajua. Alisifu Columbus, akasifu barabara iliyotuleta, akasifu viti. Halafu akainua chupa kwa mikono miwili.

"Mlisema mnataka kinywaji chenye mwenyewe. Tumekileta, na mwenyewe tumemleta, huyu hapa, amevaa suti!"

Mzee akasimama akainamisha kichwa. Watu wakapiga makofi. Nikajiegemeza, nikakunja nne. Nilijua tumeshashinda.

Chupa ikapelekwa upande wa pili. Akaipokea shangazi wa msichana, mama mmoja mnene anayefanya kazi kwenye ghala la vyakula. Akavaa miwani. Akaigeuza, akatafuta, akaona tarakimu kwenye karatasi ya chupa. Akaivua miwani, akaivaa tena.

"Elfu moja mia tisa themanini na tano," akasoma. Halafu akapaza sauti: "Jamani! Hii imeekspaya!"

Lazima ujue tulikotoka ili uelewe kilichotokea. Kambini tulipewa mafuta ya kopo na unga wa msaada, na kabla mtu hajafundishwa kuandika jina lake alifundishwa kutafuta tarehe. Mama aliyekuwa hajui a wala e alijua kopo gani limepita muda. Kisha tukaja Amerika, na kazi tulizopewa ni za maghala, kutwa nzima unapanga vyakula kwa tarehe, vilivyoisha vinatupwa. Kwa watu wetu tarakimu za mwaka kwenye chupa zina maana moja tu.

"Iliekspaya kabla binti hajazaliwa!" akaongeza mwanamke mwingine.

"Kwa hiyo Buffalo wanatuona mashimo ya taka?"

"Mpeni soda huyo mzungu, wamemdanganya na yeye."

Kelele zikapanda. Nikamtazama mwanangu, uso umekuwa wa majivu. Binti alikuwa amesimama mlangoni mwa jikoni na wenzake, mkono mdomoni. Nikamtazama Mwalimu. Alikuwa ananitazama mimi tu, mikono juu ya magoti, kama zamani akisubiri jibu ubaoni.

Na hapo binamu yangu, badala ya kuniachia mimi, akapandwa na mori wa ushenga.

"Kimekufa? Mnasema kimekufa? Nitawaonyesha kama kimekufa!"

Akaipokonya chupa. Na akafanya kile ambacho Mrundi yeyote angefanya na kinywaji kilichotulia: pombe ya mtama ikikaa, chakula chake kinashuka chini, nawe unaikoroga ili kipande juu. Akaipindua chupa kichwa chini, akaitikisa kwa nguvu zote. Miaka thelathini.

"Madonna!" mzee akapiga ukelele, "Madonna santa!" na akaketi ameshika kichwa kwa mikono miwili.

Binamu yangu hakuelewa. "Anashangilia," akawaambia watu.

Nilizibua kizibo mwenyewe, nikamimina kidogo kwenye glasi. Ulitoka kama maji ya mto siku ya mvua. Shangazi akanusa kwa mbali.

"Siki na matope," akasema. "Mwalimu, tuwape chakula, ni wageni, halafu warudi kwao."

Sasa nisikilizeni. Wengine wangeondoka. Wengine wangeanza kueleza mambo ya Italia na pipa na ukungu, na nani angewasikiliza? Mimi nilikuwa nautazama ule mvinyo wenye machicha, halafu nikautazama ule mrija kwenye chungu, na kichwa changu kikafanya kazi. Kichujio! Sisi ndio watu ambao tumekunywa vitu vyenye makapi tangu enzi na enzi, na tuna chombo chake. Nikasimama katikati ya safu mbili.

"Naomba kibuyu kisafi na mirija mipya."

Wakaniletea, zaidi kwa kutaka kuona kichekesho. Nikamimina chupa yote kwenye kibuyu, taratibu, nikangoja kidogo, nikatia mrija. Nikakipeleka kwa mzee, nikapiga goti moja mbele yake kama inavyotakiwa.

"Kwetu mwenyewe huonja wa kwanza," nikamwambia kwa Kiingereza. "Usipoonja, ni sumu."

Akautazama mrija. "Kwa hii?"

"Kwa hiyo."

"Kaka yangu atafufuka anipige."

"Akija nitazungumza naye. Kunywa, mzee wangu. Mtoto wangu yuko mikononi mwako."

Akamtazama mwanangu. Halafu akainama, suti yake ya harusi ikajikunja, akanyonya. Chumba kizima kikamtazama koo. Alifumba macho, na nilipodhani labda kweli umekuwa siki, akanyonya tena.

"Vipi?" nikanong'ona.

Akafungua macho. "Mwambie mwenye miwani kwamba haujafa. Mwambie ndiyo kwanza umefika."

Nikatafsiri, kwa sauti ya kusikika mpaka barabarani. Watu wakaguna. Shangazi akasema mzungu atasema nini, si ni chake? Na hapo sauti ikatoka kwenye kochi la kona.

"Leteni huo mrija."

Bibi. Wakatazamana. Mwalimu mwenyewe akainuka akambebea mama yake kibuyu. Bibi akaupapasa mrija, akaupata mdomo wake, akavuta. Akavuta tena. Mtoto mmoja akaanza kusema kitu kwa Kiingereza, akafinywa.

"Mliufukia wapi?" bibi akauliza.

Nikamtafsiria mzee. Akasema ulikaa chini ya nyumba, kwenye shubaka la mawe, ndani ya ardhi.

"Nilijua," akasema bibi. "Una udongo. Na maua yaliyokaushwa. Na kitu kama lami." Akavuta mara ya tatu. "Aliyekamua huu hakuwa na haraka."

Nilipomwambia mzee maneno hayo alisimama wima. "Ardhi! Amesema ardhi? Na waridi kavu, na lami?" Akawa anapiga paja lake, anacheka na kulia kwa pamoja. "Ndivyo alivyosema kaka yangu! Haya haya! Muulize mama huyu amejifunza wapi!"

"Mwambie nimepika pombe tangu sijaota matiti," bibi akasema, na wanawake wakafunika nyuso.

Mwalimu akarudi kwenye kiti chake. Akajirekebisha. Akamwita binti yake katikati, kama desturi inavyotaka, akamuuliza mbele ya wote: "Binti yangu, wageni wameleta kinywaji hiki kwa ajili yako. Ninywe au nisinywe?"

Msichana akajibu kwa Kiingereza.

"Kwa lugha ya watu," baba yake akasema.

"Nimesema baba, kunywa haraka," msichana akasema, "bibi anamaliza."

Na kweli, kutoka kwenye kona ilisikika ile sauti ya mrija unapogusa chini ya kibuyu. Nyumba ikalipuka. Vigelegele, meza zikagongwa, binamu yangu akacheza na fimbo yake, akidai kwamba kutikisa kwake ndiko kulikouamsha. Mwalimu alipata funda moja, labda na nusu. Mchungaji akasogea akaomba kibuyu kitupu.

"Kunusa si kunywa," akasema, na akanusa kwa utulivu kabisa, mara mbili.

Baadaye, tukila, Mwalimu akaja akakaa karibu nami.

"Nilikuwa najua kwamba mvinyo hauekspayi," akasema.

"Mbona ulinyamaza, Mwalimu?"

"Nilitaka kuona utajibu nini. Darasani ulikuwa hujibu."

"Ulikuwa unanirudisha nyumbani. Ningejibu saa ngapi?"

Akacheka, safari hii kicheko kirefu, akaninyooshea mrija wake kwenye chungu cha mtama, na tukanywa vichwa vimegusana.

Harusi ilifanyika majira ya joto ya mwaka ule ule, hapa Buffalo, kanisani kwetu West Side, na mzee aliketi safu ya mbele upande wa familia, hakuna aliyemuuliza kwa nini. Zabibu zilipoingia kwa kreti, nilipeleka gari langu la kazi kuzibeba. Nilikamua naye. Mikono yangu ilijua kazi. Skrubu au nyasi, tunda ni tunda. Alitaka kunifundisha kusikiliza dumu, nikamwambia mzee, hapo unamfundisha samaki maji. Sasa kwenye besimenti yake, kwenye msumari uliokuwa wa kutundikia glasi, inaning'inia mirija mitatu kutoka Columbus. Wageni wake Waitaliano wakija anawalazimisha waijaribu. Wanapiga ishara ya msalaba, halafu wananywa.

Mwaka uliofuata mjukuu wangu alizaliwa, msichana. Mvinyo tuliokamua tulimchagulia bora kabisa, tukajaza chupa, tukazilaza kwenye shubaka la mawe, mbele ya ukuta wangu mkavu. Mzee akaandika mwaka kwenye karatasi ya kila chupa kwa mwandiko wake wa mikia mirefu. Mke wangu, ambaye hanywi na hatakunywa, alikuwa amesimama pale akitazama. Akachukua kalamu mkononi mwa mzee. Chini ya mwaka, kwenye chupa ya kwanza mpaka ya mwisho, akaandika kwa herufi kubwa: HII SI TAREHE YA KUEKSPAYA.